Juni Tuliyochechemea Sote

Bi Valdenice Amparo alikuwa na kanuni moja aliyoishika miaka ishirini na sita kazini: habari za damu ya mtu husemwa na mwenye damu, au hazisemwi. Hakuibandika ukutani wala hakumwapia mtu. Aliishika tu, kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba yake. Na katika mji kama wetu wa Jenipapinho, ambako sufuria ikianguka nyumba ya kwanza, watu wa nyumba ya mwisho wanauliza kama mchuzi umemwagika, hilo halikuwa jambo dogo.

Alikuwa muuguzi msaidizi wa zahanati. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mikono ya baridi ambayo kila mtoto wa mji huu ameililia. Mumewe alikufa mapema, na binti zake wawili walikwenda kufanya kazi Salvador, jiji kuu la jimbo letu. Alipenda kucheka, na kicheko chake kilivuka barabara mpaka kwenye duka la mkate. Wageni walidhani mtu anayecheka namna ile hawezi kutunza siri. Walikosea. Wasioweza kutunza siri ni wale wanaonong'ona.

Vipimo vya haraka vya magonjwa ya zinaa vilipoletwa kwetu, wakubwa walipanga vifanyike Jumanne mchana. Waliona ni utaratibu mzuri. Hawakuishi hapa. Kabla ya mwezi kwisha Jumanne ilikuwa imeshapewa jina mjini: Siku ya Wenye Mambo Yao. Mwenye kuumwa jino siku hiyo alivumilia mpaka Jumatano. Mama mmoja alijikata mguu kwa panga akivuna muhogo, akaufunga kwa shuka na kulala na kidonda kibichi, mradi asionekane kwenye benchi la Jumanne. Kwa mwezi walipimwa watu wanne, na watatu kati yao walikuwa wapita njia.

Valdenice akaingia chumbani kwa daktari, binti mmoja mwenye miwani mikubwa aliyekuwa na miezi mitatu tu hapa mjini.

“Daktari, hii Jumanne tuiue.”

“Tuiue vipi, Bi Valdenice?”

“Iwe kila siku. Anayekuja kupima presha tumuulize. Anayekuja na mwiba tumuulize. Kijana, bibi kizee, padre, mwalimu. Swali moja kwa wote: mwaka huu umeshapima? Tusichague sura.”

“Na bibi wa miaka sabini akikasirika?”

“Atakasirika huku anacheka moyoni. Nani mwingine siku hizi anamdhania mambo hayo?”

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Jumanne ikafa wiki ileile.

Toka hapo, aliyefika zahanati kwa jambo lolote aliulizwa. Akikubali, alitobolewa kidole, matone manne yakawekwa kwenye vibao vinne vidogo: kaswende, virusi vya UKIMWI, na homa ya ini ya aina mbili. Kisha akasubiri. Aliyekataa alipewa maji ya kunywa na kiti kilekile, na safari nyingine akaulizwa tena kwa sauti ileile. Valdenice hakumlazimisha mtu. Alisema ukimlazimisha mtu unamfundisha njia ya kukimbilia. Watu wakazoea. Mshonaji wetu, Bi Esmeraldina, mjane wa miaka sabini na moja, alikuwa akitoka na pamba kidoleni na kuinyanyua juu kama bendera. “Nimepimwa, jamani! Mwenye nia asisite!”

Lakini palibaki tundu moja ambalo Valdenice hakuweza kuliziba. Dawa ya kaswende ni penisilini, na penisilini hiyo ni nzito, huchomwa ndani kabisa ya tako, moja kulia na moja kushoto. Atokaye pale hatoki akitembea kama alivyoingia. Anachechemea. Mkabala na zahanati, ng'ambo ya uwanja, kuna meza ya domino, na wazee wa meza ile walijifunza kusoma mwendo kama wengine wanavyosoma gazeti.

“Huyo kala mbili,” mmoja angesema bila kuinua macho kwenye mchezo.

“Mbili? Tazama goti. Huyo kala na riba.”

Ilikuwa dhambi, na naiita kwa jina lake. Mtu aliyekwenda kujitibu alifanya jambo jema kwa mwili wake na kwa nyumba yake, na sisi tulimlipa kwa kicheko. Nasema sisi kwa sababu mimi pia nilicheka. Wanaume wengi wa mji huu walibeba ugonjwa wao miaka na miaka kwa kuogopa hatua arobaini za kuvuka uwanja ule.

Mmoja wao alikuwa Edvandro, tunayemwita Vando. Ya kwake nayaeleza kwa sababu aliyatangaza yeye mwenyewe mbele ya watu, na mkewe Lucivânia ameniruhusu. Bila ruhusa hiyo ningekaa kimya.

Vando alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa kazi kwenye kinu cha unga wa muhogo, mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi. Valdenice alikuwa mama yake wa ubatizo. Mama yake mzazi, Dalvaci, alikuwa rafiki wa Valdenice toka wakiwa wasichana wanaosuka nywele mlangoni. Kwetu mama mzazi na mama wa ubatizo huitana komadre, na wako wanaoitana hivyo kwa adabu tu. Hawa wawili hawakuwa hivyo. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka arobaini, Valdenice alikunywa kahawa jikoni kwa Dalvaci.

Mwaka ule Lucivânia alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alipimwa mimba ikiwa ya miezi mitatu, kama wajawazito wote, na kaswende ikaonekana. Alilia, akachomwa sindano zake bila kukosa hata moja, na akaenda nyumbani kumwambia mumewe ana kwa ana, jambo linalohitaji ushujaa kuliko sindano. Vando alinguruma siku mbili. Baada ya wiki akaja na habari kwamba amekwisha kuchomwa kwenye mji mkubwa alikopeleka unga. Valdenice akamwomba karatasi. Karatasi haikuja. Akamwamini hivyohivyo, kwa kuwa alikuwa mwanawe wa ubatizo. Kwa mgonjwa mwingine yeyote asingefanya hivyo. Hapo alikosea, na hakulikana kosa lake.

Mwishoni mwa Mei Lucivânia akarudia kipimo. Ile namba ya ugonjwa iliyokuwa imeshuka ikawa imepanda tena.

“Ugonjwa umerudi,” daktari alisema. “Na unarudi kutoka mahali pamoja tu.”

Mtoto alitarajiwa mwanzoni mwa Agosti. Kaswende ikimfikia mtoto tumboni inaweza kumuua kabla hajaona jua, au akazaliwa na macho, masikio na mifupa iliyokwisha kuharibiwa. Dawa ilipaswa kuanza kuingia mwilini mwa mama si chini ya mwezi mmoja kabla ya uchungu, na ingekuwa kazi bure kama baba angeuleta ugonjwa tena. Juni peke yake ndiyo iliyobaki.

“Aliniambia alichomwa!” Lucivânia alimwambia Valdenice kesho yake, ngumi zikiwa zimekaza juu ya tumbo. “Nikimuuliza anapandisha sauti. ‘Mimi ni mzima,’ anasema, ‘mimi fahali!’ Fahali gani asiyeweza kuvuka uwanja? Bi Valdenice, mwambie mama mkwe. Atamkokota kwa sikio mpaka hapa.”

“Wewe ukimwambia ni haki yako. Ni damu yako.”

“Mimi? Atasema ni mimi niliyeuleta nyumbani kwake. Akisikia kwako ataamini.”

“Kwangu hatasikia.”

“Hata kwa ajili ya mtoto?”

Valdenice akaifungua kadi yake ya ujauzito. Kisha akasema, “Nipe siku chache. Ila wewe dawa yako tunaianza upya, na mpaka yeye atibiwe, kila mtu na kitanda chake.”

“Kitanda!” Lucivânia alisema. “Toka jana analala na mifuko ya unga.”

Jumamosi iliyofuata Valdenice alikaa jikoni kwa komadre wake kama kawaida. Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, ya mwishoni mwa Juni, ilikuwa inakaribia, na Dalvaci alikuwa anakuna mahindi mabichi, maziwa yake yakimchuruzika mpaka viwikoni. Alisimulia habari za mjukuu ajaye, kitanda alichomnunulia, vikofia alivyofuma.

“Mbona kimya, komadre?” akauliza. “Umekula hindi au umemeza gunzi?”

“Nawaza.”

“Unawaza nini? Mjukuu wangu yuko salama?”

Swali lilikuwa hilo, limenyooka. Jibu moja lingetosha. Dalvaci angeangusha kikunio, angevuka mtaa na mikono ya mahindi, na Vando angekuwa zahanati kabla kahawa haijapoa. Mtoto angepata dawa yake.

“Muulize mkweo hali yake,” Valdenice alisema. “Atakwambia mwenyewe.”

“Ah, wewe na kanuni zako! Haya, kula.”

Alikula, na anasema chakula kile hakukisikia ladha.

Akirudi nyumbani alipita kwenye uwanja wa shule. Kikundi chetu cha ngoma ya Juni, Moto wa Mabua, kilikuwa kwenye mazoezi. Asiyeijua ngoma hii ajue machache tu: jozi ishirini na nne, kofia za ukili, mashati yenye viraka vya makusudi, kodiani na ngoma, na mtu mmoja mwenye sauti anayeita hatua. Mwita hatua wetu alikuwa Mzee Anfilófio, kinyozi. Katikati ya ngoma huigizwa ndoa ya vichekesho. Bibi harusi ana mimba, bwana harusi anataka kutoroka, padre amelewa, na baba mtu ana bunduki. Bwana harusi mwaka ule alikuwa Vando, na bibi harusi alikuwa mkewe. Miaka mingine bibi harusi huvaa mto tumboni. Mwaka ule tuliokoa mto.

“Nyoka njiani!” Mzee Anfilófio aliita.

Watu arobaini na wanane wakaruka, wakapiga kelele, wakageuka nyuma kwa mara moja.

“Uongo!”

Wakarudi, wakicheka. Valdenice akasimama kwenye ukuta akitazama. Anasema aliona jambo moja tu: wote wakiruka kwa pamoja, hakuna ajuaye nani aliogopa kweli.

Mazoezi yalipokwisha akamfuata mzee.

“Mzee Anfilófio, wewe ndiye padre wa ndoa ile?”

“Na mlevi wa ndoa ile. Kwa nini, unataka kuolewa?”

“Nataka kuizuia. Aje daktari aseme hakuna ndoa mpaka kila mtu apimwe. Na Jumapili nije na meza, nipime kikundi kizima hapa shuleni. Kwa kweli. Tena siwaogopi nyinyi, naogopa mwendo wenu mkitoka. Nataka mtu akitoka mle darasani, awe kachomwa au hajachomwa, achechemee. Wewe uite hatua, wote wachechemee.”

Mzee akaikuna shingo yake. “Una mgonjwa gani humu?”

“Nina mji mzima.”

“Unanificha.”

“Ndiyo.”

“Basi vizuri,” alisema kinyozi, ambaye husikia mengi kitini kwake na kwa hiyo huheshimu anayenyamaza. “Jumapili saa nane. Na uji wa mahindi uwepo. Watu wangu hawatoi damu bure.”

Jumapili ya kwanza ya Juni Valdenice alifika na daktari, makasha mawili, na sufuria ya uji. Alipanga mambo kwa ukali. Kila anayekubali aingie peke yake, akae ndani dakika ishirini na tano kamili, mzima au mgonjwa, anywe uji wake, aangaliwe na kadi ya chanjo, achanjwe iliyopungua. Kila mmoja atoke na bahasha iliyofungwa, zote za ukubwa mmoja. Madarasa manne yalitumika kwa pamoja, na wauguzi wawili wa mji wa jirani walikuja kusaidia. Asiyetaka angeweza kukaa kando, bila kuulizwa sababu.

Aliyetangulia alikuwa Bi Esmeraldina, aliyeshona nguo zote na kucheza jozi ya mwisho. Dakika zake zilipotimia mlango ukafunguka, akatoka akivuta mguu kama mtu aliyepigwa teke na nyumbu.

“Mnanitazama nini?” alipaza sauti. “Miaka kumi na tisa ya ujane, na nioneni nilivyo! Semeni sasa! Nani mnamdhania? Nipeni jina lake, nami nikamshukuru!”

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mzee Anfilófio hakungoja.

“Sindano imepita!”

Wote wakashika tako moja, wakachechemea duara zima, kodiani ikichechemea nao, noti moja ndefu na moja fupi. Hatua ile ilizaliwa hapohapo. Watazamaji waliokaa ukutani wakateremka kuijaribu.

Vando peke yake aliegemea nguzo, mikono kifuani.

“Bwana harusi, foleni hiyo,” mzee alimwambia.

“Ndoa yenyewe ya uongo, kipimo cha kweli cha nini?”

“Na mimba nayo ya uongo?” mtu akadakia, watu wakacheka.

“Mimi nina nguvu zangu.”

“Umeulizwa nguvu na nani?” alisema Bi Esmeraldina. “Vando, baba, mle ndani nimeingia mimi na mifupa yangu. Kuna nini humo unachokiogopa wewe nisichokiogopa mimi?”

“Siogopi kitu.”

“Basi anza kuchechemea ukiwa hukohuko, upunguze kazi.”

Alicheka pamoja nao, lakini miguu haikusogea. Sina subira na mwanaume anayeogopa macho ya majirani kuliko anavyohofia uhai wa mwanawe, na sitamtetea. Nasema tu kwamba macho yale tulikuwa tumeyanoa sisi wenyewe kwa miaka mingi.

Zamu ya Lucivânia ikafika. Aliingia na gauni lake la harusi lenye viraka, akakaa muda uleule kama wengine, akatoka. Yeye alikuwa amechomwa kweli, dozi ya kwanza kati ya tatu mpya. Alichechemea kwa maumivu hasa, mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni. Mzee akaita hatua. Duara likamzunguka likichechemea, yeye akaingia ndani yake, na mara moja hakuna aliyeweza kuutenga mguu wake na miguu ya wengine. Alicheka huku machozi yanamtoka. Watu walidhani ni kicheko kilichomtoa machozi.

Vando alijua kilichomtoa. Alitazama mzunguko mmoja, akatazama wa pili. Kisha akaitupa kofia yake ya ukili chini na kwenda mlangoni bila kumtazama mtu.

Yaliyosemwa ndani aliyasimulia mwenyewe baadaye.

“Baraka zako, mama.”

“Mungu akubariki. Kaa. Kidole.”

Walingoja. Kwenye kibao cha kaswende mistari miwili ikajitokeza, myekundu, alama kwamba ugonjwa upo, wala hakuna aliyeshtuka.

“Sikuchomwa kule,” Vando alisema. “Nilifika mpaka mlangoni. Ndani palikuwa na dereva wa hapa kwetu, kakaa kwenye benchi. Nikageuza.”

“Huyo dereva alifuata nini?”

Vando akafikiri. Hakuwa amelifikiria hilo. Akaanza kucheka, kidogo, kwa aibu.

“Mama kule nyumbani anajua?” aliuliza.

“Kama hukumwambia, hajui.”

“Unakunywa kahawa pale kila Jumamosi na hukusema? Mimi ningesema.”

“Ndiyo maana wewe uko kwenye unga. Geuka.”

“Inauma?”

“Sana. Shusha suruali.”

Mlio alioutoa ulivuka darasa na uwanja. Kwa bahati mwita hatua wetu ana akili ya haraka. Kabla mwangwi haujafa, Mzee Anfilófio alipiga ukelele mkubwa kuliko huo, akawapungia watu wake mikono, na kikundi kizima kikalia kama mbuzi sokoni. Mbwa wote wa mtaa wakajibu. Toka siku ile ukelele nao ukawa sehemu ya hatua.

Vando akatoka akichechemea. Alitazama meza ya domino, ambayo wazee walikuwa wameihamishia ukutani kwa shule wasikose tamasha. Mmoja alifungua kinywa, akatazama miguu arobaini iliyokuwa ikivutwa mbele yake, akakifunga. Hakukuwa na kitu cha kusoma. Aliyechechemea vibaya kuliko wote alikuwa Mzee Anfilófio, na yeye alikuwa amechomwa chanjo ya mkononi.

Ilirudiwa Jumapili tatu, maana dozi ni tatu, moja kila wiki. Mji ukaipenda hatua ile kupita kiasi. Watoto waliotumwa mkate walikwenda wakichechemea. Padre wa kweli alishuka ngazi za kanisa akichechemea, akasema ni goti, hakuna aliyemwamini. Watu wasiocheza ngoma walikuja kuomba foleni, wakachukua bahasha zao, wakatoka na mwendo wao wa kujitungia. Kufikia katikati ya mwezi daktari alitangaza kwamba waliopimwa ni mia tatu na kumi na wawili, na kati yao tisa walianza matibabu ya jambo ambalo hawakujua wanalo. Idadi aliitangaza. Majina hayajulikani mpaka leo, na tusiyaulize.

Jioni ya kuamkia sikukuu, kuni za moto wa Yohane zikiwa ndiyo kwanza zinawashwa, Moto wa Mabua walicheza mbele ya waamuzi wa miji mitano. Katikati ya ndoa daktari wetu mwenyewe aliingia na miwani yake, akasimamisha padre mlevi. Bwana harusi akatoa bahasha kifuani na kuinyanyua. Uwanja ukapiga makofi kama goli limeingia. Kisha “Sindano imepita!” na jozi ishirini na nne zikavuta mguu, na nyuma yao mji mzima. Tulipata nafasi ya pili. Mwamuzi mmoja aliandika kwamba hatua ile si ya asili. Labda.

Joana alizaliwa tarehe nne Agosti, kilo tatu na robo, akilia kwa sauti ya baba yake akichomwa. Damu yake ilipimwa. Daktari wa hospitali aliisoma, akampima mtoto kutoka utosini mpaka kidole gumba, akasema huyu hahitaji chochote ila maziwa.

Jumapili ya kumwonyesha mtoto, nyumba ya Dalvaci ilijaa. Palikuwa na keki ya mahindi, njugu za kuchemsha, na kinywaji cha asali na mitishamba ambacho kwetu hunywewa kwa ajili ya mtoto, ingawa mtoto hapewi. Vando alimshika binti yake, akapanda kwenye kiti, na furaha ikamfungua kinywa. Akasimulia yote: uongo wa mji mkubwa, namba iliyopanda, kibao chenye mistari miwili.

“Mtoto huyu yupo kwa sababu ya mama yangu wa ubatizo!” alisema. “Alijua na hakunitangaza!”

Watu walipiga makofi. Bi Esmeraldina alilia waziwazi. Wanaume wawili waliomjua Vando kwa majigambo yake walimkumbatia, mtoto katikati. Lilikuwa jambo jema kwa mwanaume kulisema, nami nililipenda.

Dalvaci hakupiga makofi. Aliweka chini sinia la keki.

“Mwezi wa Mei,” alisema. “Jikoni kwangu. Nilikuuliza.”

“Uliniuliza, komadre.”

“Nikasema, mjukuu wangu yuko salama? Na ulijua.”

Valdenice aliweka kikombe chake chini.

“Jibu. Ulijua?”

“Hilo siwezi kukujibu.”

“Mama, nimeshasema mwenyewe,” Vando aliingilia, bado juu ya kiti. “Muda wa siri umekwisha.”

“Umesema wewe, mwanangu,” Valdenice alisema. “Ni haki yako. Mimi sijasema.”

“Miaka arobaini nakupikia kahawa,” Dalvaci alisema, “na unanijibu kama karani wa posta. Na kama mtoto angekufa? Ningemzika bila kujua nilichomzikia?”

Akaingia jikoni. Sherehe iliendelea, na ilikuwa sherehe nzuri. Kodiani ilipigwa mpaka jua likazama, na Joana alilala katikati ya kelele yote kama aliyezoea.

Nimesikia watu wazuri wakisema Valdenice angelegeza mara moja tu, kwa rafiki, kwa ajili ya mtoto. Siafikiani nao. Kama angesema Jumamosi ile, mji ungejua kufikia Jumapili, na Jumapili ile hakuna mguu ambao ungeingia darasani. Wale tisa wangekuwa wapi? Kanuni inayolegezwa kwa tunaowapenda ni upendeleo tu, na mtu wa meza ya domino anao pia. Lakini simlaumu Dalvaci. Aliuliza akiwa na haki ya bibi, akajibiwa kama mgeni.

Valdenice amestaafu sasa. Joana ana miaka sita na humwomba baraka kila akipita. Dalvaci humwamkia kanisani, humpelekea keki ya mahindi kwa mkono wa mkwewe kila Juni, na hajakaa naye tena. Kanuni ile ilimgharimu Valdenice rafiki wa miaka arobaini.